Nani Alikuambia Maziwa Yako Hayatoshi?

Katika malalamiko yote ambayo mama mwenye mtoto mchanga humletea daktari, hakuna lisikikalo mara nyingi kuliko hili: "Daktari, maziwa yangu hayatoshi." Hulisema akiwa amempakata mtoto mwenye mashavu ya kujaa, na kijitabu cha kliniki kikionyesha uzani unaopanda kila mwezi jinsi inavyotakikana. Ukimuuliza alijuaje kwamba hayatoshi, atakujibu kwamba mtoto analia sana. Ukizidi kumdadisi utagundua kwamba maneno hayo si yake. Ni ya nyanya ya mtoto, au ya jirani wa mlango wa pili, au ya baba mtoto aliyechoka kuamshwa usiku.

Kuanzia hapo mambo huenda mbio. Leo ni kijiko cha maji ya uvuguvugu, kesho maji ya sukari, wiki ijayo ile dawa tamu ya gesi inayouzwa dukani, kisha maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa. Kabla mtoto hajatimiza miezi 3 tayari anakunywa uji mwepesi kwa kikombe. Mama bado ananyonyesha, na ukimuuliza atakuambia kwa moyo mweupe kwamba mtoto wake ananyonya. Ni kweli ananyonya. Ila si maziwa ya mama tu anayopewa, na neno hilo dogo, "tu", ndilo nitakalo tulizungumze leo.

Chukua mfano wa Kaloleni. Sisemi ile ya Kilifi, bali mtaa wetu wa Eastlands ulio kando ya Jogoo Road. Nyumba zake zilijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na zilisifiwa wakati huo kwa miti, viwanja vya wazi na ukumbi wake, ambao wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru waliutumia kwa mikutano. Nyumba ni zile zile, lakini watu wameongezeka mara nyingi. Vyumba vya mabati vimesongamana ubavuni mwa nyumba za mawe. Mabomba ya maji taka ni ya kale. Familia kadhaa hutumia mfereji mmoja na choo kimoja, na siku mfereji unapokauka watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20 bila kujua yalikotekwa.

Akina mama wa mtaa kama huu hawana nafasi ya kukaa nyumbani miezi 6 wakimtazama mtoto. Huyu ana kibanda cha sukumawiki, yule huamka alfajiri kwenda Gikomba kuchagua mitumba, mwingine anauza Burma, na mwingine ni kibarua katika viwanda vya Industrial Area. Mtoto huachwa kwa nyanya, kwa dada mkubwa, au kwa mama jirani anayelea watoto wengi kwa malipo ya siku. Basi anayeamua mtoto atatiwa nini mdomoni saa 4 za asubuhi mara nyingi si mama.

Nchi nzima kwa jumla imepiga hatua kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa umri wa chini ya miezi 6, ni 13 tu waliokuwa wakipewa maziwa ya mama bila kitu kingine. Uchunguzi wa 2008-09 ulipata 32, na wa mwaka 2014 ukapata 61. Mwaka 2022 walikuwa 60, yaani tulisimama pale pale. Lakini hesabu ya nchi nzima huficha mengi. Watafiti wa kituo cha APHRC cha hapa Nairobi walifuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani, na matokeo yao ya mwaka 2011 yanastahili kusomwa polepole. Asilimia 99 ya watoto hao walinyonyeshwa. Hata mwezi wa 11 ulipokwisha, takriban asilimia 85 walikuwa bado wananyonya. Lakini asilimia 40 walikuwa wamenyweshwa kitu kingine katika siku 3 za kwanza za maisha yao, na waliofikisha miezi 6 kwa maziwa ya mama peke yake walikuwa kama asilimia 2 tu.

Kaloleni si mtaa wa mabanda kama Viwandani, lakini haziko mbali, na masoko, vibarua na adha za maji zinafanana. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba wanawake wa Eastlands wamekataa kunyonyesha kwa sababu ya usasa. Wananyonyesha kuliko wanawake wa miji mingi ya Ulaya. Kinachoharibu kazi yao ni kikombe kinachoingia mapema.

TITI HUSIKIA LIKIITWA

Wengi wetu hudhani titi ni mtungi: lijazwe, linyonywe, liishe, halafu lingojewe lijae tena. Sivyo. Mtoto anaponyonya, habari husafiri kwa mishipa ya fahamu kutoka kwenye chuchu hadi kwenye tezi dogo lililo chini ya ubongo. Tezi hilo hutoa homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, huamuru titi litengeneze maziwa. Ya pili, oksitosini, hukaza vijifuko vya titi ili maziwa yasukumwe nje. Kadiri mtoto anavyonyonya mara nyingi ndivyo amri ya kutengeneza maziwa inavyotolewa mara nyingi. Prolaktini hupanda zaidi usiku, na ndiyo sababu mtoto anayenyonya usiku humsaidia mama kupata maziwa ya mchana, ijapokuwa usingizi unaharibika.

Isitoshe, maziwa yanapoachwa yakae titini yamejaa, titi lenyewe hupunguza kazi. Sasa fikiria kile kikombe cha maji au uji. Tumbo la mtoto wa mwezi mmoja ni dogo mno. Akishashiba maji ambayo hayana lishe yoyote, hana haja ya kunyonya. Asiponyonya, titi halikuitwa. Lisipoitwa, hupunguza. Baada ya wiki mbili mama anakuta kweli maziwa yamepungua, na yule jirani anatamba: "Si nilikuambia?" Hivyo ndivyo jambo ambalo halikuwa kweli mwanzoni linavyogeuka kuwa kweli.

Hofu nayo ina nafasi yake. Maumivu na wasiwasi huweza kuzuia oksitosini kwa muda, na maziwa yakakawia kutoka ingawa yamo. Mama anayeambiwa kila siku kwamba maziwa yake ni mepesi au hayana nguvu hunyonyesha akiwa amekaza mabega. Mpe nafasi akae vizuri, apate kikombe cha chai, mtu ambebee mtoto mkubwa, na mara nyingi tatizo litapungua bila dawa. Sisemi kwamba hakuna kabisa wanawake wasiotoa maziwa ya kutosha. Wapo, wenye maradhi fulani ya homoni au waliofanyiwa upasuaji wa matiti, lakini ni wachache, wala hawajulikani kwa kusikiliza kilio cha mtoto.

Kilio kina sababu nyingi. Mtoto hulia kwa joto, kwa baridi, kwa nepi iliyolowa, kwa gesi, kwa uchovu, na kwa kutaka tu kubebwa. Zipo pia siku ambazo anakua haraka na kudai kunyonya kila baada ya saa moja. Mwache anyonye, siku mbili tatu na titi litakuwa limemfikia. Ukitaka kujua kama maziwa yanatosha, tazama nepi na mizani. Mtoto aliyepita siku 5 tangu azaliwe, anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku moja usiku na mchana, mkojo ukiwa mweupe usionuka sana, anapata maji ya kutosha. Ni kawaida apungue uzani kidogo katika siku za mwanzo, na inatazamiwa awe ameurudisha afikishapo wiki 2. Baada ya hapo, katika miezi ya kwanza, anapaswa kuongeza angalau nusu kilo kila mwezi. Mizani haina umbea.

Na kiu je? Nairobi kuna jua la Januari na Februari, na nyumba ya mabati huwa tanuri. Lakini maziwa ya mama ni maji kwa kiasi cha asilimia 87. Mtoto akiona joto atanyonya mara nyingi zaidi kwa vipindi vifupi. Mwenye kiu ni mama. Mpe yeye hayo maji.

KINGA ILIYOTENGENEZWA MTAANI

Maziwa yanayotoka siku za kwanza ni mazito, rangi yake ya manjano, nayo huitwa dang'a. Zamani, na hata leo katika baadhi ya nyumba, hukamuliwa yakamwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni usaha au uchafu. Ni machache, siku ya kwanza vijiko vichache vya chai, na hayo machache ndiyo kipimo cha tumbo la mtoto. Yamejaa chembe za kinga kuliko maziwa yatakayofuata. Kuyamwaga ni sawa na kukataa chanjo ya kwanza.

Jambo linalonivutia zaidi kama daktari ni namna kinga hiyo inavyopatikana. Mama wa Kaloleni huvuta hewa ya Kaloleni, hunywa maji ya Kaloleni na kukutana na viini vya kuhara vya huko huko. Kinga ya mwili wake, hasa ile iliyo kwenye utumbo na mapafu, huvitambua viini hivyo na kutengeneza askari wa kupambana navyo. Sehemu ya askari hao husafiri hadi kwenye matiti na kutolewa ndani ya maziwa, wakafunika utumbo wa mtoto kabla kiini hakijashika. Hakuna kiwanda Ulaya wala hapa kinachoweza kutengeneza maziwa ya kopo yenye kinga dhidi ya vijidudu vya mfereji wako wewe. Aidha, ndani ya maziwa ya mama mna aina za sukari ambazo mtoto hawezi kuzisaga. Kazi yake ni kulisha bakteria wema wa utumboni, nao wakawanyima wabaya nafasi.

Ndiyo maana mtoto anayepewa maziwa ya mama tu hupatwa mara chache na kuhara, homa ya mapafu na maumivu ya masikio, na anapougua ugonjwa haumwelemei kama mwenzake. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati faida ni kubwa zaidi, kwani maziwa ya mama huwakinga na ugonjwa mbaya wa kuoza utumbo. Kwa sababu hiyo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, ambayo wakazi wengi wa Eastlands walizaliwa humo, ilifunguliwa benki ya maziwa ya akina mama mwaka 2019, ya kwanza nchini. Mama mwenye maziwa ya ziada hupimwa afya, hujitolea, na maziwa yake hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30 kisha hupewa kichanga ambaye mamake ni mgonjwa au amefariki.

Jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2016 lilikadiria kwamba kama kunyonyesha kungefikia karibu watoto wote duniani, vifo 823,000 vya watoto vingezuiwa kila mwaka. Wengi wao ni watoto wa mitaa kama hii.

MAMA NAYE HULIPWA

Huwa tunazungumza kana kwamba mama hutoa tu. Mtoto anapowekwa kifuani katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, ile oksitosini inayosukuma maziwa hukaza pia mfuko wa uzazi, na damu hupungua. Yale maumivu ya tumbo ambayo mama huyasikia akinyonyesha siku za mwanzo ni mfuko unaorudi mahali pake. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua akina mama wengi Kenya, hivyo hilo si jambo dogo.

Kisha kuna suala la kupanga uzazi. Mama ambaye mtoto wake hajatimiza miezi 6, ambaye hajapata hedhi tangu ajifungue, na ambaye anamnyonyesha mtoto kwa maziwa yake tu usiku na mchana, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 dhidi ya mimba. Ni lazima masharti yote matatu yatimie. Moja likivunjika, na kikombe cha uji hulivunja, aende kliniki mara moja achague njia nyingine. Nimewaona wengi waliosikia nusu ya habari hii, wakadhani kunyonyesha kwa vyovyote vile kunazuia mimba, wakarudi kliniki na mimba ya pili huku wa kwanza hajasimama dede.

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu kuliko saratani nyingine yoyote. Mwaka 2002 wataalamu waliunganisha tafiti 47 kutoka nchi 30 na kuona kwamba kwa kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha maishani mwake, hatari ya kupata saratani hiyo hupungua kwa asilimia 4.3. Mwenye watoto watatu aliyenyonyesha kila mmoja miaka miwili ajipigie hesabu. Saratani ya vifuko vya mayai na kisukari pia huonekana kupungua. Na wale wanaoogopa matiti kulala wajue kwamba mimba yenyewe na umri ndivyo hufanya hivyo.

Tusisahau mfuko wa pesa. Kumlisha mtoto kwa maziwa ya kopo kwa miezi 6 kunahitaji takriban kilo 20 za unga, yaani makopo 50 ya gramu 400. Hesabu bei ya kopo moja katika duka la mtaani kwako, zidisha kwa 50, kisha uongeze mafuta au gesi ya kuchemshia maji mara kadhaa kwa siku. Watu wa kipato cha Jogoo Road hawawezi. Kinachotokea ni kwamba mama hupunguza vijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto hunywa maji meupe, anaonekana kushiba, na anadhoofika.

Jambo hilo si geni. Dkt. Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica na kufanya kazi Ghana ya wakati ule, ndiye aliyewaeleza madaktari wenzake katika miaka ya 1930 juu ya kwashakoo. Neno lenyewe ni la Waga wa Ghana, nalo lahusu ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuzaliwa mwingine. Alipohamia Singapore aliona watoto wakidhoofika kwa maziwa matamu ya kopo ambayo wauzaji waliyasifia kwa akina mama maskini, na mwaka 1939 akatoa hotuba aliyoipa jina la Maziwa na Mauaji. Ilichukua miaka 42 tangu siku hiyo hadi mataifa yalipopitisha, mwaka 1981, kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Sheria hiyo inakataza kutangaza maziwa ya kopo kwa umma na kuwagawia akina mama makopo ya bure ya kuonja. Ukiona mtu akifanya hivyo kliniki, una haki ya kumuuliza.

MWENYE VIRUSI ANYONYESHE?

Hapa ndipo wasomaji wengi bado wana habari za zamani, na sishangai, kwa kuwa mashauri yalibadilika mara kadhaa. Miaka ya 1990 Profesa Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwachunguza wanawake 425 wa Nairobi waliokuwa na virusi vya ukimwi. Nusu walipangiwa wanyonyeshe, nusu watumie maziwa ya kopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Watoto walipofika miaka 2, asilimia 36.7 ya kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, kulinganishwa na asilimia 20.5 ya kundi la kopo. Kwa hiyo ikathibitika kwamba maziwa hupitisha virusi. Lakini angalia upande wa pili: vifo katika makundi hayo mawili havikutofautiana sana. Walioepushwa na virusi walikumbana na maradhi mengine.

Utafiti huo ulifanywa kabla dawa za kupunguza makali ya virusi hazijapatikana kwa wengi. Siku hizi mama anayemeza dawa zake kila siku, na ambaye kipimo kinaonyesha virusi vimedhibitiwa, ana hatari ya kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha iliyo chini ya asilimia 1. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama kama huyo anyonyeshe kama mama mwingine yeyote: maziwa yake tu kwa miezi 6, kisha aendelee pamoja na vyakula hadi miezi 24 au zaidi, mtoto naye akipewa dawa ya kinga na kupimwa kwa wakati.

Na hapa neno letu "tu" linapata uzito wa pekee. Kabla ya dawa kupatikana, tafiti za Afrika Kusini zilionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa, titi na uji au maziwa mengine, waliambukizwa zaidi kuliko wale waliopewa titi peke yake. Vyakula vya mapema huchubua utumbo mwororo na kufungua mlango. Nyanya asiyejua hali ya mkwewe, anayempa mjukuu kijiko cha uji kwa mapenzi, hajui anachokigusa.

MAMA AKIRUDI KAZINI

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili. Wizara ya Afya inamwambia anyonyeshe tu kwa miezi 6. Hesabu hizo mbili hazikutani, na anayeachiwa pengo la katikati ni mama. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilijaribu kuliziba: mwajiri atenge chumba safi cha kunyonyeshea au kukamulia, ambacho si choo, na mama apewe mapumziko ya hadi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Mweleze msimamizi wako. Wengi hawaijui, na wengine hujifanya hawaijui.

Muuza mboga hana mwajiri. Yeye ana jambo moja la heri, nalo ni kwamba anaweza kumbeba mtoto. Wapo wanaoogopa jicho la watu au aibu ya kutoa titi sokoni. Leso hutosha. Mwezi wa Mei 2018 akina mama waliandamana katikati ya Nairobi kudai haki ya kunyonyesha hadharani baada ya mmoja wao kulalamika kwamba alitimuliwa mkahawani, na mimi naona walifanya vyema. Mahali panapouzwa chakula cha watu wazima hapawezi kuwa haramu kwa chakula cha mtoto.

Asiyeweza kumbeba na akamue. Anza kujizoeza wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Kanda titi taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nje kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, bana na uachie. Usivute chuchu. Mara ya kwanza yatatoka matone, usikate tamaa. Baada ya siku chache utajaza kikombe. Kinga kwa chombo safi chenye kifuniko kilichochemshwa. Katika chumba chenye ubaridi wa kawaida wa Nairobi yatakaa kwa muda wa saa 4 bila wasiwasi. Kwenye jokofu siku 4. Kama chumba chako hupata joto kali, weka chombo ndani ya karai la maji baridi na uyatumie mapema. Usiyachemshe, yapashe kwa kutia chombo katika maji ya moto. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, si chupa, kwa kuwa chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha na humfanya mtoto asahau namna ya kunyonya titi. Ukiwa kazini kamua tena, hata kama hayo utayamwaga, ili titi lijue bado linahitajika. Wala usisikize hadithi kwamba maziwa yaliyoshinda titini juani "yameharibika." Ndani ya titi hayaharibiki.

Chuchu zikichanika, tatizo kwa kawaida ni namna mtoto alivyoshika. Kinywa chake kiwe wazi kabisa, ashike weusi na si ncha tu, kidevu kikigusa titi. Titi likivimba, likiwa jekundu na lenye joto, usiache kunyonyesha. Toa maziwa zaidi, na ukipata homa mwone daktari siku hiyo hiyo kabla halijawa jipu. Chakula chako kiongezwe kidogo: githeri, omena, mboga za majani, ndizi, chochote kilichopo. Njahi ni nzuri, lakini hata asiyekula njahi hutoa maziwa. Pombe iachwe, na kabla ya kumeza dawa yoyote mweleze mhudumu kwamba unanyonyesha. Ni dawa chache sana, kama baadhi ya zile za saratani, zinazomlazimu mama aache.

Kwa akina baba sina mengi. Amkeni usiku mmoja mbadilishe nepi, na kama mama yenu amekuja kutoka mashambani kumlea mjukuu, zungumzeni naye nyinyi. Mke hawezi kumwambia mama mkwe kwamba uji haufai, mwana anaweza.

Mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua kwa shida, aliyelegea, mwenye homa au aliyeshikwa na kifafa apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Asiyeongeza uzani apelekwe kliniki, anyonyeshwe mbele ya muuguzi ili aone anavyoshika titi, kabla mtu hajataja kopo. Na mkienda, mchukueni nyanya pia. Aketi pale karibu na mizani, aone mwenyewe sindano inapofika.